Makosa Yangu ya Picha, Kutoka Mbugani Hadi Ikombe

Vijana wapiga picha wa Kyela, siku ile mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu alisimama akasema, "Mama Picha atuandikie siri za kudumu kazini." Mkapiga makofi kabla sijakubali. Basi nimekaa barazani wiki mbili nikizitafuta hizo siri, na sijaziona. Nilichokipata ni makosa, tena mengine nilikuwa nimeyasahau kwa makusudi. Nitawaandikia hayo. Na kabla hamjauliza, hakuna aliyenistaafisha. Fundi picha hana mwajiri. Magoti ndiyo yaliyoniandikia barua.

Niliingia studio ya Mzee Asajile pale Mbugani kama mteja. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nataka picha ndogo ya kubandika kwenye fomu ya kuomba kazi. Mzee akanipiga, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake picha ikawa imetoka na macho yamefumba. Akanipiga tena bure. Nikafumba tena. Mara ya tatu aliitazama ile karatasi ikiwa bado inachuruzika maji, akanitazama mimi, akasema, "Binti, wewe kupigwa picha hujui kabisa. Labda unajua kupiga." Fomu ile haikufika popote. Wiki iliyofuata nilikuwa nafagia studio yake.

Msidhani nilikabidhiwa kamera. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchana nywele za watoto waliolia, na kutunza koti. Studio ilikuwa na koti moja la suti, jeusi, pamoja na tai moja iliyofungwa fundo mara moja na haikufunguliwa tena. Ninyi mnaodhani babu zenu walikuwa matajiri kwa sababu kwenye albamu wamevaa suti, samahanini. Nusu ya wanaume wa mji huu walivaa suti ileile. Mnene tulimwachia wazi mgongoni tukabana kwa vibanio vya nguo, mwembamba tulimkunja nyuma tukabana kwa vibanio hivyohivyo. Mbele kila mtu alikuwa mheshimiwa.

Mzee Asajile hakufundisha kwa kueleza. Alifundisha kwa kukuacha uone aibu kidogo, kisha anakuonyesha. Nilipomuuliza watu kama mimi, wanaofumba macho kila mara, wanapigwaje, alimwita mteja aliyekuwa anasubiri. Akamwambia, "Fumba macho. Nikisema tatu, fumbua." Akahesabu, yule mtu akafumbua, kamera ikalia. Picha ikatoka na macho mawili makubwa, safi. Nikamuuliza, "Sasa tata," ndivyo tulivyomwita, yaani baba, "mbona mimi hukunifanyia hivyo?" Akajibu huku anafuta lenzi, "Ningepata wapi mfagiaji?"

Chumba cha giza kilikuwa nyuma, pembeni ya jiko la jirani. Taa nyekundu, sinia tatu za dawa, na joto la Kyela ambalo mnalijua. Dawa inataka ubaridi, na Kyela haina ubaridi wa kumpa mtu. Tulikuwa tunaweka sinia ndani ya beseni la maji ya kisima yaliyotekwa alfajiri, na ikifika saa nne tunafunga kazi. Jirani akikaanga samaki, picha za siku hiyo zilinukia. Hakuna mteja aliyelalamika. Nadhani kila mmoja alidhani ni yeye.

Sasa nifike kwenye harusi ya Ikolo, maana najua mmeisikia kwa midomo ya watu, na midomo ya watu imeiongezea ng'ombe wawili.

Ilikuwa harusi ya kwanza kutumwa peke yangu. Bwana harusi aliitwa Ambakisye, mkulima wa mpunga. Bibi harusi aliitwa Tumpe. Niliweka mkanda kwenye kamera nikiwa nje ya kanisa, kwa haraka, kwaya imeshaanza kuimba. Nikapiga kanisani, nikapiga nyumbani, nikapiga wazee, nikapiga keki. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita. Kihesabio kikafika thelathini na sita, kamera ikaendelea. Thelathini na saba, thelathini na nane. Nikafurahi, nikasema moyoni kiwanda kimenipa nyongeza. Nilipofika arobaini na moja ndipo nikaacha kubonyeza, nikaanza kuhesabu upya kwa vidole.

Mzee Asajile aliusafisha mkanda ule mwenyewe. Ulitoka mweupe kutoka mwanzo mpaka mwisho, unaona dole gumba lako upande wa pili. Ncha yake haikuwa imeshika kwenye meno ya kamera. Siku nzima nilikuwa nabonyeza, kamera inalia, na ndani hakuna kilichosogea. Nilisubiri anifukuze. Akauliza, "Chakula kilikuwaje?"

"Kizuri, tata."

"Basi umekula harusi ya watu, na kumbukumbu yao umeila pia. Kesho nenda ukawaambie."

"Twende wote?"

"Mimi sikula," akasema.

Nilikwenda kwa baiskeli, na sehemu nyingine baiskeli ilikwenda kwa kubebwa na mimi, maana mvua ilikuwa imenyesha na njia ya mashambani ilikuwa uji. Nilimkuta Ambakisye amekaa peke yake mlangoni. Harusi ilikuwa na siku tisa tu. Nikamsalimu, "Ugonile." Hakuitikia salamu. Aliuliza, "Picha zimetoka?"

"Hazikutoka."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akashika kichwa. Ndipo akanieleza. Tumpe alikuwa amerudi kwa wazazi wake tangu juzi. Sababu yenyewe ilikuwa wali. Alikuwa amepika, na Ambakisye akasema wali wa mama yake huwa hauna kiini. Hapa kwetu Kyela mwanamume anaweza kumwambia mkewe kwamba ni mfupi, akasamehewa jioni ileile. Wali, hapana. Tumpe alifunga nguo zake akasema atarudi siku moja tu, siku ya kuja kuchukua picha zake. Ambakisye alikuwa amezisubiri picha kuliko mtu yeyote, maana ndizo zingemrudisha mkewe mlangoni.

"Sasa nitamwita kwa sababu gani?" akaniuliza.

Nilimwambia twende wote nikaseme kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonileta. Kwa wazazi wa Tumpe tulikuta ukoo umekaa kuzungumzia jambo hilohilo. Nilipotamka kwamba hakuna picha hata moja, shangazi yake alipiga paja. "Mmesikia? Hata picha zimeikataa ndoa hii!" Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akasema yeye tangu kanisani aliona dalili. Nikaona jinsi jambo linavyogeuka mbele ya macho yangu. Nilikuja na aibu yangu ndogo, na sasa watu wanaitengenezea nyumba ya kukaa. Tumpe alikuwa kando ya mama yake, anawatazama wazee kama mtu aliyeanza kuwaamini. Nikajua nikinyamaza hapo, kwa ajili ya kulinda jina langu la ufundi, yule dada hatarudi kwake.

Nikasimama. Nikasema, "Picha hazikukataa kitu. Mimi ndiye sikujua kuweka mkanda."

Baba yake Tumpe, mzee mpole, akasema, "Rudia, hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Shangazi akasema labda kamera nayo iliona dalili. Nikatoa kamera kwenye mkoba, nikaifungua mbele yao, nikawaonyesha meno yanayotakiwa kushika mkanda na jinsi nilivyoharakisha. Nikasema mara ya tatu, "Ni uzembe wangu. Hata ningeupiga wali wa mama yake Ambakisye, usingetoka." Tumpe akacheka puani, kile kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Baba yake akamtazama, akasema, "Basi Jumamosi mpigwe upya. Mambo ya wali tutayazungumza tukishaona picha."

Jumamosi ile ilikuwa na matatizo yake. Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudi Mbeya. Tumpe akavaa gauni jeupe la kwaya la dada yake, na shela tulikata kwenye chandarua kipya. Suti ya Ambakisye nayo ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo nilikuja na koti la studio. Vibanio vitano mgongoni. Tumpe alikubali kusimama karibu naye lakini midomo aliibana kama mtu aliyeambiwa ameze klorokwini. Nilipiga kumi na mbili za namna hiyo. Nilipomwambia Ambakisye avute pumzi asimame wima, alivuta kwelikweli, na vibanio vitatu viliruka kwa mpigo, kimoja kikampata shangazi. Tumpe alicheka akamwegemea mumewe begani. Nikapiga. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani kwao Ikolo mpaka leo, na ukiwa na macho makali utaona shela ina pindo la chandarua. Tumpe hakurudi kwa wazazi siku ile. Kuhusu wali, sijui walifikia wapi, ila kila nikienda huwa anapika Ambakisye.

Tangu hapo, kila nilipovuta mkanda, niliangalia kile kirungu cha kushoto juu ya kamera, cha kurudishia mkanda. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, unapiga hewa. Ninyi hamna mikanda, lakini mna kadi. Angalieni kwamba imo. Nimewaona wawili wenu, siwataji.

Miaka ya rangi ilikuja, na Mzee Asajile hakuipenda. Alisema rangi ni ya vitambaa, sura ya mtu haina haja nayo. Mikanda ya rangi tulikuwa tunaituma Mbeya kwa basi ikasafishwe, na iliporudi uliomba Mungu iwe ni yako. Mara moja nilifungua bahasha ya kipaimara cha hapa mjini nikakuta watu nisiowajua kabisa wanakata keki. Watu wenyewe nilikuja kuwapata Tukuyu, nao walikuwa wamekaa na kipaimara chetu mwezi mzima, wameshaanza kuchagua mabinti wa kuposa.

Macho ya Mzee yalipoanza kufifia aliniachia kamera, akabaki kukaa kwenye kiti cha wateja karibu na pazia. Hakuona vizuri lakini alisikiliza. Nikipiga, anasema, "Huyo hakuwa tayari, rudia." Nilibishana naye mara chache, na kila mara picha ilipotoka ilinifunga mdomo. Nilimuuliza anajuaje. Akasema mtu akiwa tayari hupumua, akiwa anaogopa huzuia pumzi, na wewe huwasikii kwa sababu una haraka ya kubonyeza. Alipofariki nilipiga picha za msiba wake mwenyewe, kama nilivyokuwa nimepiga misiba ya wengi. Kazini sikukosea hata picha moja. Nilipofika nyumbani nilimimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Kamera za kidijitali zilinikuta nimeshazeeka kiasi cha kuwa na kiburi. Nilisema hazitadumu. Mwaka uliofuata nilikuwa nayo moja, naificha wateja wasinikumbushe maneno yangu. Jambo moja la hali ya hewa ya kwetu liandikeni mahali: unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Mimi huweka kamera kwenye kopo lenye mfuniko, na humo ndani mchele mkavu umefungwa kwenye kitambaa. Tuna mchele unaosifiwa nchi nzima, si lazima wote uishie tumboni. Na mto Songwe ulipofurika, watu wa Katumba Songwe waliponiletea albamu zilizoshikamana kwa tope, nilijifunza kwamba picha zilizogandana hazibanduliwi kwa kucha. Ziache zilale kwenye maji safi mpaka zenyewe ziachiane, kisha zianike kivulini kwenye kamba kama nguo. Siku tatu studio yangu ilikuwa kamba tupu, na wenyewe walikuja kutambua zao huku wakichekana mitindo ya nywele. Walikuwa wamepoteza mazao, lakini walicheka.

Halafu zikaja simu. Hapo sitatania sana. Kulikuwa na juma zima ambalo hakuingia mtu, isipokuwa mama mmoja aliyetaka kujua kama nauza vocha. Kila mtu alikuwa mpiga picha, na kila mtu alijipiga mwenyewe, mkono umenyooka, kidevu mbele. Nikaanza kubeba kamera kwenda Matema, ufukweni mwa ziwa, kuwatafuta wageni, nao pia walikuwa na simu, tena nzuri kuliko kamera yangu.

Ni pale Matema, kwenye gulio la Jumamosi, nilipomkuta Mama Eliza. Ni Mkisi wa kijiji cha Ikombe, mfinyanzi, umri wetu unalingana ila yeye magoti yake yanafanya kazi. Alikuwa amekaa nyuma ya vyungu vyake akanitazama nikizurura. "Wewe unapiga watu tu?" akauliza. "Vyungu hupigi?" Kulikuwa na mama mwenye duka Mbeya aliyetaka kuona vyungu kwenye simu kabla hajaagiza, na picha alizopiga mpwa wa Mama Eliza zilionyesha kitu kama viazi vilivyoungua. Nikamwambia nitajaribu. Nikaenda naye Ikombe kwa mtumbwi.

Nawaambieni ukweli, ile ilikuwa wiki nzuri kuliko nyingi. Miaka yote nimepiga watu na wakaniambia nimewafanya wanene, weusi, wazee. Vyungu havikulalamika. Nilivipanga vyake na vya wenzake kwenye mchanga asubuhi, jua likiwa chini, yale maua meupe waliyochora yakajitokeza. Chungu kimoja kilikuwa kimewekwa pembeni ya ukuta, peke yake, umbo lake zuri kuliko vyote. Nilikichukua. Kilikuwa na ufa mwembamba karibu na mdomo. Niliuona. Nikakizungusha ufa ukaenda nyuma, kama nilivyozungusha mashavu yenye makovu maisha yangu yote, nikapiga, nikakiweka pamoja na vingine. Mama wa Mbeya alipoona picha alikitaka hichohicho, na mpwa akafunga mzigo kwa kufuata picha.

Kilivuja mezani kwake mbele ya wateja. Akapiga simu Ikombe akasema wamama wa ziwani ni matapeli, na akafuta oda yote, ya wafinyanzi wote, si ya Mama Eliza peke yake. Habari zilinifikia siku ya pili. Nilipanda mtumbwi nikiwa na mambo ya kusema, na ziwa siku hiyo lilikuwa limechafuka, nikayasahau yote njiani.

Mama Eliza alikuwa anafinyanga. Wenzake walikuwa wamekaa naye. Hakuinua kichwa.

"Kile chungu nilikiweka pembeni kiwe cha kunywea kuku," akasema. "Nani alikitoa pembeni?"

"Mimi."

"Ufa hukuuona?"

Ningeweza kusema sikuuona. Mwanga, macho, uzee, sababu zilikuwepo. "Niliuona," nikasema. "Nikaugeuza nyuma. Ndivyo nilivyozoea kufanya kwa watu."

Aliendelea kulainisha udongo kwa kidole. "Mtu akitoka vibaya unampiga tena. Mimi jina langu nani atalipiga tena?"

Nilimpigia simu yule mama wa duka palepale, kwa sauti ya kusikika, wote wakisikiliza. Nikamwambia mimi ni nani na nilichofanya. Akauliza kwa nini najitwika mzigo wa watu wengine. Nikamwambia ni wa kwangu. Akauliza nimefanya kazi hii miaka mingapi. Nilipomjibu, akasema, "Na bado?" Wafinyanzi wakacheka, Mama Eliza hakucheka. Lakini yule mama alikubali kuona picha mpya, kwa sharti kila chungu apate kukiona pande zote.

Nikapiga upya siku hiyo mpaka jioni. Kila chungu mara nne, na chenye dosari, dosari ikawa mbele. Mama Eliza alisimama nyuma yangu akitazama kioo cha kamera. Sijawahi kuwa na msimamizi mkali namna ile tangu Mzee Asajile. "Hicho umekipendelea. Hicho mbona umekinyima mwanga, kimekukosea nini?" Mama wa Mbeya aliagiza vichache kwanza. Vilipofika salama, akaagiza vingine, na mwaka wa tatu ndio huu, bado anaagiza. Kwenye miaka hiyo nilipata kazi nyingi kuliko nilivyopata kwa harusi, kwa sababu wauza mikeka walisikia, na wa kakao wakasikia, kwamba kuna mama anapiga kitu kilivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Ikombe kumwambia Mama Eliza kwamba mtumbwi sasa unanishinda. Kushuka nilishushwa na watu wawili kama gunia. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na chungu kipya, amekichora mwenyewe, akakiweka mikononi mwangu. Nikamshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga fijo." Kisha, bila kufikiri, nikaanza kukizungusha, nikapitisha kidole kwenye mdomo wake wote.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Ufa."

"Hicho si cha biashara, ni zawadi," akasema. "Ufa utautia mwenyewe."

Ninakipikia maharage. Kimeanza kuwa cheusi chini, kama inavyotakiwa.